Kitu Kiulizwe Jina au Kiulizwe Kazi?

Fanksheni yenyewe haizidi mistari minne. Inapokea namba za simu na ujumbe, inapitia namba moja baada ya nyingine, inatuma SMS. Shule zinazokumbusha wazazi ada, mamlaka za maji zinazotangaza bili, kliniki zinazokumbusha miadi, zote zina fanksheni ya namna hii mahali fulani ndani ya mifumo yao. Na mara nyingi aliyeiandika alikuwa mkarimu: akairuhusu ipokee orodha ya namba nyingi, na pia ipokee namba moja tu, kwa wale wasiotaka usumbufu wa kutengeneza orodha ya mtu mmoja. Ukarimu huo ndio chimbuko la ubishi. Sasa kabla fanksheni haijafanya lolote, haina budi kujiuliza: hiki nilichopewa ni nini?

Python inatoa njia mbili za kuuliza. Unaweza kuuliza aina kwa isinstance, inayokujibu kama objekti ni ya klasi fulani au ya klasi iliyorithi kutoka kwenye hiyo. Unaweza pia kuuliza uwezo kwa hasattr, inayokujibu kama objekti ina methodi ya jina ulilolitaja. (Ipo na dir, inayomwaga majina yote ya methodi kwenye skrini, lakini hiyo ni ya kuchungulia wakati unaandika, si ya kujengea mfumo.) Lugha nyingine zina maneno yao: Java ina instanceof, Ruby ina respond_to?, na Smalltalk ilikuwa na zote mbili, isKindOf: na respondsTo:. Linalobishaniwa ni lipi kati ya maswali haya liulizwe, na kama kuna haja ya kuuliza kabisa.

Ubishi nimeugawa kwa sauti tatu za kubuni. Mzee anaandika Java tangu enzi ambazo diski iliingizwa kwa mkono. Dada ni mtu wa Python. Kijana kazi yake ni majaribio, yaani analipwa kuharibu walichojenga wenzake. Hoja zao si za kubuni; zinasikika popote walipo madevelopa wawili na kompyuta moja. Mimi nitaingilia nikishindwa kunyamaza.

DADA: Shikamoo, mzee.

MZEE: Marahaba, dada yangu. Niruhusu nianze na lililo wazi. Fanksheni inataka orodha. Basi iulize: wewe ni orodha? Kama siyo, irudishe kosa hapo hapo, kwa maneno yanayosomeka, kabla hata SMS moja haijatoka. Ugumu uko wapi? Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard kule Oslo waliliweka swali hili ndani ya Simula 67 yenyewe. Kulikuwa na IS ya kuuliza kama objekti ni ya klasi hiyo hasa, IN ya kuuliza kama ni ya klasi hiyo au ya wanawe, na INSPECT ya kuchagua la kufanya kulingana na jibu. Lugha ya kwanza ya objekti ilizaliwa na swali la aina mkononi. Msije mkasema ni ushamba wa watu wa Java.

DADA: Hakuna aliyesema ushamba. Ila ukiuliza kama ni orodha, nami nimekuletea tupli? Au nimekuletea seti, kwa sababu sitaki mzazi mmoja apate ujumbe mara mbili? Au jenereta inayosoma namba moja moja kutoka hifadhidata ili nisijaze kumbukumbu ya seva? Zote zinapitika, zote zingefanya kazi, na wewe unazifukuza kwa sababu hazikubeba jina ulilozoea. Alex Martelli aliwaambia watu wa Python mwaka 2000 wasihangaike kuhakiki kama kitu ni bata. Watazame kama kinalia na kutembea kama bata, kwa kadiri ya ubata wanaouhitaji. Mimi nahitaji kitu kinachopitika. Basi.

MZEE: Na huyo bata wako unamtambuaje?

DADA: Naitafuta methodi ya __iter__. Kila kinachopitika kwa lupu kinayo. Namba ikija moja peke yake inakuja kama stringi, na stringi haina methodi hiyo. Tayari nimezitenganisha, bila kutaja klasi hata moja.

KIJANA: Ilikuwa haina, dada.

DADA: Unasemaje?

KIJANA: Kwenye Python 2 stringi ilikuwa haina __iter__. Ilikuwa inapitika, lakini kwa njia ya zamani, ya kuomba herufi kwa namba ya nafasi. Watu wengi sana waliligeuza pengo hilo kuwa kipimo: chenye __iter__ ni vingi, kisichonayo ni kimoja. Python 3.0 ilipotoka Desemba 2008, stringi ikapewa __iter__ kama wenzake. Msimbo haukubadilika hata nukta, ila jibu likageuka.

Hapa sina budi kusimama, maana kinachofuata nimekiona kwa ukaribu na ni kizuri kwa namna yake ya kutisha. Namba ya simu yenye tarakimu 10 inaingia kama stringi. Fanksheni inauliza: unapitika? Stringi inajibu kwa ukweli kabisa: napitika. Lupu inaanza. Mpokeaji wa kwanza ni "0". Wa pili ni "7". Inaendelea hivyo mpaka tarakimu ya kumi, na kila moja inapelekewa ujumbe kamili wa kumkumbusha mzazi ada ya muhula. Hakuna kosa linalorushwa ndani ya programu, kwa sababu kila kitu kilichoulizwa kimejibiwa sawasawa. Mtoa huduma wa SMS ndiye anayekataa, mara kumi, na kwenye kumbukumbu za mfumo unakuta maombi kumi yaliyoshindikana ya mtu mmoja ambaye hakupata kitu. Huduma rasmi ya Python 2 ilikoma tarehe 1 Januari 2020, kwa hiyo ofisi nyingi zilihama kwa haraka katika miaka iliyotangulia siku hiyo, na hitilafu za aina hii zilihama pamoja nazo.

Angalieni kosa liko wapi. hasattr haikudanganya popote, si kabla ya 2008 wala baada yake. Tulichotaka kujua ni kama tumepewa mtu mmoja au watu wengi. Tulichouliza ni kama kuna methodi ya jina fulani. Hayo ni maswali mawili tofauti, yaliyotokea kufanana majibu kwa miaka kadhaa.

MZEE: Mimi ningeuliza kama ni stringi, na ningelala usingizi. Katika Java, isitoshe, String haipitiki kwa lupu namna hiyo. Ukijaribu, kompaila inakukatalia kabla hujafika mbali.

DADA: Usishangilie mapema, mzee. Twende kwenye kiasi cha fedha. Unataka namba kamili, unauliza isinstance ya int. Nami nakuletea True. Unajua Python inajibu nini?

MZEE: Inakataa, bila shaka.

DADA: Inakubali. bool ilipoingizwa kwenye toleo la 2.3 mwaka 2003 ilifanywa klasi mtoto wa int, ili msimbo wa zamani uliokuwa ukitumia 1 na 0 usivunjike. Kwa hiyo True ni int halali. Ukijumlisha True na 500 unapata 501. Programu ya simu ikituma fomu ambayo mahali pa kiasi pana true, ukaguzi wako wa aina unaisalimia kwa heshima na kuipitisha, na kwenye vitabu vya hesabu inaingia shilingi moja.

KIJANA: Na tarehe je? datetime imerithi kutoka date. Ukiuliza kama datetime ni date, unaambiwa ndiyo. Sasa zilinganishe kwa alama ya "ndogo kuliko", ipi imetangulia. Unarushiwa TypeError.

MZEE: Hapo msilaumu swali, laumuni aliyerithisha. Barbara Liskov alilieleza hili kwenye hotuba yake ya 1987: klasi mtoto lazima iweze kukaa mahali pa mzazi bila anayeitumia kupata mshangao. datetime haiwezi kukaa mahali pa date kwenye ulinganisho, basi haikustahili kurithi. Ningekuwapo ningepinga.

DADA: Lakini hukuwapo. Na mimi ninayeandika msimbo leo sichagui nani alirithi kwa nani. Ninapewa jibu la ndiyo ambalo maana yake ni "kwenye karatasi ni mtoto wa fulani". Halinihakikishii kuwa atafanya kazi ya babaye.

Dada ana haki hapa, ingawa nadhani aliruka kitu. Swali la methodi nalo ni swali la karatasi. Chukua pop. Orodha ya Python ina pop: inatoa kitu cha mwisho. Seti ina pop: inatoa kitu chochote inachojisikia kutoa. Kamusi ina pop: inataka kwanza uitajie ufunguo, na usipoitajia inakataa. Ukiuliza hasattr kwa jina hilo, zote tatu zinanyoosha mkono. Mtu aliyejenga foleni ya kazi kwa kutegemea kwamba chenye pop kinatoa cha mwisho, siku atakayopewa seti atahudumia watu bila mpangilio wowote na programu haitalalamika. Umekagua jina la methodi, na jina la methodi ni jina tu kama jina la klasi lilivyo. Tofauti ni kwamba klasi ina mwenyewe, faili lake na nyaraka zake. Ukitaka kujua inamaanisha nini, kuna mahali pa kwenda kusoma. Neno pop halina mwenyewe. Kila mtu analitumia apendavyo.

MZEE: Umesema vizuri, mwandishi, na nitakuongezea. Kuna mambo ambayo methodi haiwezi kuyasema kabisa. Kwenye Java, ArrayList ina get, na LinkedList ina get. Sahihi ya methodi ni ile ile, matokeo ni yale yale. Lakini kwenye ArrayList unafika moja kwa moja kwenye nafasi unayoitaka, na kwenye LinkedList inabidi kupita kipande kwa kipande. Kwa vitu laki moja ndani ya lupu, tofauti ni kati ya kufumba jicho na kwenda kunywa chai. Ndiyo maana kuna interfesi inaitwa RandomAccess ambayo haina methodi hata moja. Ni tamko tupu: mimi nafikika haraka. Collections.binarySearch inaiuliza orodha kama inalo tamko hilo kabla ya kuchagua njia ya kutafuta. Sasa niambie, dada yangu, utaliulizaje hilo kwa hasattr?

DADA: Siwezi. Hilo nakupa. Ila na wewe nipe hili, maana liko nyumbani kwako. Collections.unmodifiableList inakupa List. Uliza instanceof: ni List. Tafuta methodi ya add: ipo, imeandikwa kabisa. Iite sasa. Inakurushia UnsupportedOperationException. Aina imesema ndiyo, methodi imesema nipo, kazi haifanyiki. Na haikuwa ajali, mzee. Maktaba hiyo ilipokuja na Java 1.2 mwaka 1998, nyaraka zake zenyewe ziliziita methodi hizo za hiari.

MZEE: Walikwepa kuzaa interfesi ishirini.

DADA: Najua walichokwepa. Nakuonyesha walichokutana nacho.

KIJANA: Wazee wangu, nyote mnaongea kama vile objekti zinajibu kwa nia njema. Njooni kwenye majaribio yangu. Ninatumia Mock, objekti bandia ya majaribio, iliyo ndani ya maktaba rasmi ya Python tangu 3.3. Iulize Mock kama ina methodi ya tuma. Inayo. Ya futa? Inayo. Ya pika_ugali? Inayo pia, inaitengeneza ukishaiuliza. Ukiipa spec ya klasi fulani inaacha ujinga huo, lakini hapo inafanya jingine: ukiuliza isinstance, inajibu kwamba ni ya klasi hiyo. Kwa hiyo kila ukaguzi mnaouweka katikati ya msimbo, kwangu unapita kijani. Haujawahi kukamata kitu kwenye majaribio. Unakamata laivu, usiku, na simu napigiwa mimi.

Pika_ugali ilimfanya Mzee acheke, lakini jambo lenyewe si la kuchekesha, na liliwahi kufika mbali kuliko ofisi moja. Mwaka 1997 Internet Explorer 4 ilikuja na document.all, mkusanyiko wa kila kilichomo kwenye ukurasa. Waandishi wa kurasa wakaona njia rahisi ya kutambua kivinjari: kama document.all ipo, huyu ni Internet Explorer, mpe msimbo wake. Kama haipo, mpe wa wengine. Hilo ni swali la uwezo, lile lile analolitetea Dada, isipokuwa limegeuzwa kuwa swali la jina kwa mlango wa nyuma. Baadaye vivinjari vingine vikataka kurasa za zamani zilizotegemea document.all zifunguke kwao. Vikiiweka, kurasa nyingine zitadhani ni Internet Explorer na kuvipa msimbo visioufahamu. Visipoiweka, kurasa za zamani zinavunjika.

Suluhisho lililopatikana lipo mpaka leo kwenye kila kivinjari kikubwa. document.all ipo na inafanya kazi ukiitumia moja kwa moja. Ukiiuliza kama ipo, inakana. Ukiipima kwa typeof, JavaScript inakujibu undefined, kana kwamba haijazaliwa. Kiwango cha HTML kinakiri kwamba huku ni kuvunja kanuni za lugha kwa makusudi, na kiwango cha JavaScript kimelazimika kuweka kifungu maalumu kwa ajili ya objekti hii moja inayojikana. Na waliouliza jina hawakupona: Internet Explorer ilijitambulisha kama Mozilla ili ipewe kurasa nzuri walizopewa Netscape, na hata sasa Chrome ikijitambulisha kwa seva inaanza na Mozilla/5.0, kisha inataja Gecko, kisha Safari, njia nzima. Ukaguzi ukiwa mwingi kupita kiasi, wanaokaguliwa wanajifunza kujibu.

DADA: Ndiyo maana mimi nasema tuache kuuliza. Si kwa hasattr, si kwa isinstance. Alan Kay na wenzake pale Xerox PARC waliijenga Smalltalk kwa fikra kwamba objekti inatumiwa ujumbe, basi. Isipouelewa, mfumo unaitumia ujumbe mwingine, doesNotUnderstand:, nayo inaamua la kufanya. Inaweza kurusha kosa, inaweza kumpelekea mwingine afanye. Ruby ina methodi ya namna hiyo, method_missing. Objekti kama hizo ukiziuliza mapema zitakuambia haziwezi, na ukiziagiza zinafanya. Ilibidi Ruby 1.9.2 mwaka 2010 iongeze respond_to_missing? ili zipate namna ya kusema ukweli kuhusu zenyewe. Kwa nini tupite huko kote? Ita methodi. Ikishindikana, lidake kosa.

KIJANA: Dada, kwa kusoma faili nakubali. Kwa kutuma SMS hapana. Orodha ina namba 300, ya 41 ni None kwa sababu mzazi hakuandika simu. Umeshatuma 40. Kosa limerushwa, umelidaka, sasa unafanya nini? Ukianza upya, watu 40 wanapata ujumbe mara mbili. Ukiacha, watu 259 hawapati. SMS hairudi. Fedha ndiyo kabisa.

DADA: Mmh.

KIJANA: Na kudaka nako kuna mtego. Ukidaka AttributeError ukidhani methodi haipo, huenda methodi ipo, ila ndani yake kuna herufi iliyokosewa na ndiyo iliyorusha kosa. hasattr yenyewe kwenye Python 2 ilikuwa inameza kila aina ya kosa na kujibu tu kwamba hakuna. Ilirekebishwa kwenye 3.2.

MZEE: Basi turudi kwangu. Tukague kabla programu haijaendeshwa. Hata Python wenu wamekuja huku: alama za aina ziliingia rasmi na 3.5 mwaka 2015. Na kwa ajili ya bata wako, dada yangu, toleo la 3.8 la 2019 likaleta Protocol: unataja methodi unazozitaka, na mypy, zana ya kukagua aina, inakagua kama klasi inazo bila klasi hiyo kurithi chochote. Go wamekuwa na interfesi za namna hiyo tangu walipoitangaza lugha yao mwaka 2009. Ubata umekaguliwa mezani, kabla haujafika laivu. Andika kwamba fanksheni yako inapokea Iterable ya stringi, tumemaliza.

Nilitarajia mjadala uishie hapa, kwa suluhu ya heshima ambayo kila upande unapata chake. Kijana alikuwa ameshaiandika kwenye kompyuta yake.

KIJANA: Nimeiandika, mzee. Iterable ya stringi. Nimeipa namba moja, stringi peke yake bila orodha. mypy inasema hakuna tatizo lolote.

MZEE: Haiwezekani.

KIJANA: Stringi ni mfuatano wa stringi. Kila herufi ndani yake ni stringi nyingine fupi. Kwa hiyo stringi ni Iterable ya stringi, halali kabisa. "0" inatumiwa ujumbe kama mwanzo.

Walinyamaza wote, na kimya hicho kilikuwa na thamani. Aina imekaguliwa, methodi imekaguliwa, kukagua kabla ya kuendesha kumefanyika, na mzazi bado hajapata SMS. Ukifika hapo unaanza kushuku kwamba swali lilikosewa mapema zaidi, siku ile mtu alipoamua kwamba fanksheni moja ipokee kimoja au vingi. Waliotengeneza Python wenyewe walikutana na njia panda hiyo. startswith inakubali stringi moja au tupli ya stringi, na ukiipa orodha inakataa kwa TypeError. isinstance nayo inakubali klasi moja au tupli ya klasi. Walichora mstari kwa jina la aina, kwa makusudi, mahali ambapo mtu wa bata angesema orodha inatosha. Inafanya kazi, lakini kila anayejifunza lugha hujikwaa hapo, nami sioni sababu ya kujikwaa kwa hiari ndani ya fanksheni yangu mwenyewe.

DADA: Basi ziwe fanksheni mbili. Moja ya mmoja, moja ya wengi. Na namba isiwe stringi. Tuunde klasi, NambaYaSimu. Stringi ya mtumiaji inageuzwa kuwa NambaYaSimu pale inapoingia kwenye mfumo, mara moja tu, na isipogeuka inakataliwa pale pale. Ndani ya mfumo hakuna anayeuliza tena. Fanksheni ya wengi inapokea Iterable ya NambaYaSimu. Ukiipa stringi, mypy inaona herufi si NambaYaSimu. Na kama hakuna mypy, objekti ya kwanza tu itashindwa kuitika kabla ujumbe wowote haujatoka.

MZEE: Kumbe unataka aina.

DADA: Nataka aina yenye maana kwenye kazi yetu. Orodha, seti, tupli, hizo bado sijali.

MZEE: Na ndani ya NambaYaSimu, pale inapozaliwa, utauliza nini?

DADA: Nitauliza kama nilichopewa ni stringi.

MZEE: Kwa isinstance?

DADA: Kwa isinstance, mzee. Furahi.

Huo ndio msimamo wangu pia, na siufichi. Ukaguzi wa aina una mahali pake pazuri, nako ni mpakani: fomu, faili, JSON, chochote kilichotoka kwa mtu au mfumo usioumiliki. Ukaguzi wa methodi nauachia wachache wenye sababu ya pekee. Go, kwa mfano, inaponakili data kwa io.Copy huuliza chanzo kama kina WriteTo, ili ipite njia ya mkato. Jibu likiwa hapana, kazi inafanyika vile vile, polepole kidogo. Hilo ni swali salama kwa sababu hakuna kinachoharibika jibu likikosewa. Nikiona isinstance au hasattr katikati ya msimbo, mbali na mpaka, kitu cha kwanza ninachotafuta ni nani aliyeruhusu vitu vya aina mbili vifike hapo.

Kijana hakuridhika, na kwa kazi yake hatakiwi kuridhika.

KIJANA: Sawa, ni mpakani. Mhasibu ameleta faili la Excel. Safu ya simu Excel imeisoma kama namba, sifuri ya mbele imeliwa, zimebaki tarakimu tisa, na zimefika kwetu kama int. Si stringi. Dada unakataa?

DADA: Tarakimu tisa naijua ilikotoka. Naigeuza stringi, naiwekea sifuri.

MZEE: Unakisia.

DADA: Ninakisia kitu ambacho kila ofisi inakifahamu.

MZEE: Leo unakisia sifuri, kesho mwingine anakisia msimbo wa nchi, keshokutwa ujumbe wa ada unamfikia mtu wa Mombasa asiye na mtoto shuleni kwetu. Irudishe, mtajie namba ya mstari, aisahihishe mwenyewe.

KIJANA: Na hii? Alikuwa ameandika namba na 255 mbele, Excel ikaifupisha, akahifadhi kama CSV. Imekuja imeandikwa 2.55712E+11. Hii ni stringi halali, wote wawili mnaikubali kwa isinstance.

Waliiangalia wote wawili. Tarakimu sita za mwisho hazimo tena ndani ya faili. Dada alianza kuandika kanuni ya kuikataa stringi yoyote yenye herufi E. Mzee akamwambia aandike badala yake kinachokubaliwa, tarakimu tupu za urefu unaojulikana, kwa maana orodha ya vya kukataa haitakwisha. Waliandika hivyo. Kuhusu ile int ya tarakimu tisa hawakukubaliana, na msimbo kwa sasa unairudisha kwa mhasibu pamoja na namba ya mstari, kwa kura mbili dhidi ya moja.